Mbuzi Walipokula Ukuta wa Silanga

Shule niliacha darasa la saba. Kitabu changu cha elimu ya udongo nilikipata miaka mingi baadaye, sokoni Isiolo, kwa mama mmoja aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia njugu. Jalada lilikuwa limeshaondoka na njugu, na kurasa nyingi pia, kwa hiyo mpaka leo sijui kitabu kile kinaitwaje. Kiliandikwa kwa Kiingereza. Nilinunua kilichobaki, nikanunua na kamusi, na kila jioni nikishafunga kibanda changu cha kutengeneza pampu na pikipiki pale Kinna, nilikisoma polepole kama mtu anayechambua mchele. Humo nilijifunza kwamba ukuta wa udongo hauzuii maji kwa unene wake tu. Unayazuia kwa jinsi ulivyobanwa, mpaka maji yakitafuta pa kupita yakose.

Mimi si mtu wa kucheka ovyo. Lakini nikikumbuka jinsi tulivyojenga ukuta wa silanga yetu, hata nikiwa peke yangu nimeshika spana, nacheka mpaka wateja wanatazamana.

Silanga yenyewe, bwawa letu la maji ya mvua, iko upande wa Rapsu, mahali ambapo ukuta wa udongo umekatiza laga, yaani mto wetu ambao ni mchanga mtupu mpaka mvua inyeshe kule juu. Mvua ikinyesha, maji hushuka kwa kelele, na bila ukuta yangepita yote kwa siku moja na kutuacha tukiyaangalia mgongo. Ukuta huyashika. Mifugo hairuhusiwi kuingia majini. Silanga imezungushiwa miiba, na bomba moja hupita chini ya ukuta kupeleka maji kwenye mabirika ya kunyweshea. Kuna mzee wa zamu, tunamwita aba herega, anayesema ng'ombe wa nani watangulie na wa nani wangoje. Silanga ikiwa imejaa, visima vya karibu navyo hupata maji, na kisima cha pampu kilicho mbali hupumzika. Ikiwa kavu, watu wote na wanyama wote hukutana kwenye kile kisima kimoja, na hapo hata ndugu husahau salamu.

Ukuta wa zamani ulibomolewa na mafuriko. Baada ya hapo tulikaa na shimo kavu msimu baada ya msimu.

Jirani yangu wa karibu zaidi ni dada yangu mkubwa. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa miiba wenye tundu la kupitishia kikombe, na kila asubuhi kikombe cha chai ya maziwa hupita hapo kikifuatwa na sauti yake: "Profesa, umeamka ama udongo umekufukia?" Ameniita profesa tangu siku niliyoleta kile kitabu. Hajawahi kuniita hivyo kwa heshima hata mara moja.

Silanga ilipokauka, dada alianza kupeleka punda kwenye kisima cha mbali. Siku moja aliteleza na madumu yake akaumia goti. Mwanawe, ambaye ana duka la vyombo Isiolo mjini, alikuja akiwa amejaa hofu. Ni kijana mwenye roho nzuri, na hofu yake ilikuwa ya haki.

"Ayo," alimwambia mama yake, "mimi nimekupatia chumba mjini. Maji iko kwa mfereji. Unafungua tu, inakuja."

"Na ng'ombe nao nitawafungulia mfereji?"

"Ng'ombe tunauza."

Walibishana mpaka chai ikapoa mara mbili. Mwishowe walikubaliana. Kamati ya maji ilikuwa imeahidi kujenga ukuta upya kabla ya mvua. Ukuta ukishika maji ya mvua hiyo, dada atabaki na ng'ombe wake. Usiposhika, mwanawe atakuja na pikapu Ijumaa ya kwanza baada ya mvua kuanza, na dada atapanda bila maneno. Dada yangu akitoa neno lake halirudishi. Nilijua angepanda.

"Huko mjini nilikaa wiki," aliniambia kupitia tundu la ua. "Asubuhi unatoka, unakuta ukuta wa mawe. Unausalimia, haujibu. Ukigonga, mtu wa upande ule anafikiri wewe ni mwizi."

Nilimrudishia kikombe. Tangu siku hiyo, kila nilipoutazama ukuta wa silanga niliona pia ua wangu bila tundu.

Kamati ilitimiza ahadi kwa kiasi. Lilikuja tingatinga la kukodi, likachimba tope la zamani, likajenga sehemu ya chini ya ukuta likienda na kurudi juu yake mpaka ikawa ngumu. Kisha lilirundika juu udongo uliobaki, likaondoka kwenda kazi nyingine. Rola la kushindilia hiyo sehemu ya juu lilikuwa lije kesho yake. Halikuja. Lilikuwa limeharibika njiani, na dereva alitueleza kwa simu kwamba kipuri kinasubiriwa kutoka Nairobi. Huku nyuma, mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima ya Nyambene tangu asubuhi na kukataa kuondoka.

Udongo uliorundikwa bila kushindiliwa ni kama unga juu ya ungo. Maji yakifika, unaondoka nayo. Niliketi kando ya rundo lile na kitabu changu mapajani, nikafungua ukurasa wenye picha ya rola. Si rola laini la barabarani. Lile la kwenye picha lilikuwa na meno mafupi ya chuma kila upande, na maelezo ya chini yaliliita rola la mguu wa kondoo. Picha ile nilikuwa nimeipita miaka yote bila kuwaza lolote. Sasa hivi kondoo wa dada yangu walikuwa wakipita mbele yangu, na kila mmoja alikuwa na hiyo miguu, minne minne, bure, bila dizeli na bila kipuri cha kutoka Nairobi.

Nilicheka peke yangu. Nadhani ndipo wazimu ulipoanza.

Kamati ilikutana papo hapo. Mwenyekiti wetu ni mwenye ngamia wengi, na anawapenda kama mtu anavyopenda watoto waliofaulu mtihani. Nilipomaliza kueleza, alisimama kwa furaha.

"Basi kazi imeisha! Nitaleta ngamia zangu zote. Ngamia moja iko na kilo kushinda mbuzi ya kijiji mzima."

Nilimweleza kwa adabu kwamba kinachotakiwa si uzito peke yake. Mguu wa ngamia ni mpana na laini, umeumbwa usizame mchangani. Ukiuweka juu ya udongo, uzito wote unasambaa, na udongo unabaki ulivyo. Kwato za mbuzi ni ndogo na ngumu, zinachoma chini. "Ni kama tofauti ya mtu aliyevaa ndara na mwanamke mwenye viatu vya kisigino kirefu," nikasema.

Mwenyekiti alinikazia macho. "Sasa wewe unasema ngamia yangu imevaa ndara?"

"Nasema tu..."

"Mbele ya watu? Ngamia yangu, ndara?"

Dada yangu, aliyekuwa amekaa na akina mama, alicheka mpaka shuka ikamwanguka begani. "Abo, mzee wetu, usikasirike! Profesa anaogopa ngamia tangu akiwa mdogo. Moja ilimtemea mate."

Ilikuwa kweli, na haikuwa na uhusiano wowote na hoja yangu, lakini ilituokoa. Mwenyekiti alicheka, nami nikapata pa kuwaweka ngamia wake. Udongo ulihitaji kuloweshwa kabla ya kukanyagwa, na maji yalikuwa kwenye kisima cha mbali. Ngamia wangebeba maji. Mwenyekiti alikubali, kwa sharti kwamba nitangaze hadharani kuwa bila ngamia hakuna silanga. Nilitangaza.

Kesho yake tulianza. Vijana walisambaza udongo kwa tabaka la unene wa shubiri moja. Akina mama walinyunyiza maji. Mimi nilikuwa nikichota udongo na kuusokota kati ya viganja: ukisokoteka kuwa kama penseli bila kuvunjika, unyevu unatosha, ukivunjika, ongeza maji, ukinata mikononi, ngoja. Vijana waliniangalia nikisokota, wakaanza nao kusokota, na muda si muda kila mtu ukutani alikuwa na penseli yake ya udongo na maoni yake.

"Manze, yangu iko sawa."

"Hiyo ni mkia wa panya. Ongeza maji."

Kisha tukaleta ng'ombe. Ng'ombe walifika kwenye ukingo wa udongo uliolowa, wakasimama. Tuliwasukuma, tukapiga mluzi, tukawaita kwa majina yao. Hawakusogea. Wala sikuwalaumu. Ng'ombe wa kwetu hufundishwa na maisha kuogopa tope, kwa maana silanga inapokauka ni tope la mwisho linalowashika miguu na kuwaua. Mbuzi nao, wakiwaona ng'ombe wamesimama, wakasimama. Kondoo wakawatazama mbuzi. Ikawa kijiji kizima kimezunguka ukuta, na juu ya ukuta hakuna mnyama hata mmoja isipokuwa mimi.

"Profesa," dada akaniita, "kwa kitabu chako wameandika vile unabembeleza rola?"

Hakungoja jibu. Alikwenda nyumbani na goti lake, akarudi na gunia la magadi, ile ya kuchimbwa ambayo huwapa mifugo wake walambe. Alipanda ukutani, akaanza kumwaga: kiganja hapa, kiganja pale, kama mtu anayepanda mtama.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Mbuzi mmoja mweupe aliinua pua. Akapanda. Kisha ukuta mzima ulijaa. Mbuzi walipanda juu ya mbuzi, kondoo walijipenyeza chini yao, na ng'ombe walisahau tope, wakaja kwa kasi ambayo ilitufanya turuke pembeni. Kwato ziligonga udongo kwa sauti kama mvua juu ya bati. Kila walipomaliza kulamba mahali, dada alimwaga pengine, na kundi lote liligeuka na kumfuata, wakikanyaga, wakikanyagana. Mwenyekiti alianzisha wimbo ambao wazee huimba wanapopandisha maji kutoka kisima kirefu, wakipokezana ndoo. Watu wakaitikia. Mtoto mmoja alianza kurukaruka kwa mdundo, kisha madrasa yote ilikuwa ikirukaruka, kisha akina mama, na nikagundua kwamba miguu yangu mwenyewe ilikuwa ikiruka. Nilijiambia naongeza ushindiliaji.

Mwenye duka la unga, jirani yetu Mmeru, alikuja kuona kelele ni za nini. Alimkuta dada na gunia lake.

"Habari zenu! Hiyo ni magadi?"

"Ni magadi."

"Mnaweka kwa udongo?" Alitikisa kichwa. "Mama yangu huweka kwa githeri ili iive haraka. Sijawahi kuona mtu anapika silanga."

Kuanzia hapo kila aliyepita aliuliza kama silanga imeiva.

Tulifanya hivyo tabaka juu ya tabaka mpaka ukuta ukafika kimo chake. Nilipochoma fimbo juu yake, fimbo ilivunjika. Jioni hiyo nilipita kwenye ua na kumwambia dada, "Umeshika." Alinipa chai ambayo sikuwa nimeomba.

Asubuhi kikombe hakikuja. Badala yake ilikuja sauti yake, na haikuwa na mzaha. "Njoo uone. Njoo haraka."

Ukuta wa silanga ulikuwa unaliwa.

Mbuzi walikuwa wamerudi peke yao kabla ya jua kupanda, na walikuja na wageni. Mbuzi ambao hatukuwajua, wa kutoka kila upande, walikuwa wamejipanga juu ya ukuta kama watu hotelini. Walikuwa wakilamba, na mahali walipolamba udongo ulikuwa umelegea, wakaingiza midomo, wakachimba kwa kwato, wakaendelea kulamba. Kulikuwa na mashimo ya ukubwa wa sufuria. Habari za chumvi huenea haraka kuliko habari za harusi. Tulikuwa tumejenga, kwa bidii kubwa na nyimbo, sahani ndefu kuliko zote wilayani.

Tuliwafukuza. Wakazunguka, wakapanda upande wa pili. Tuliweka miiba. Wakaipita miiba. Mmoja wa wageni, beberu mwenye ndevu ndefu, alisimama kwenye shimo lake akatutazama huku akitafuna, akiwa na uso wa mtu aliyelipia.

Watu walianza kucheka, na mimi pia, mpaka nilipomwona dada. Alikuwa amekaa chini kando ya gunia lake tupu.

"Nimewalisha nyumba yangu kwa mkono wangu," alisema. "Yule kijana akija na pikapu, nitamwambia nini? Nilipanda chumvi?"

Nilikwenda kutafuta kwenye kitabu ukurasa wa chumvi na udongo. Katika orodha ya yaliyomo sura ilikuwepo. Kurasa zake zilikuwa zimefunga njugu. Basi nilichukua gilasi mbili za chai, nikajaza maji. Kwenye moja nilitia bonge la udongo safi, kwenye nyingine bonge lenye magadi. Bonge safi lilikaa chini ya gilasi kama jiwe. Bonge la magadi lilianza kutoa moshi wa tope, likalegea, likawa uji. Nilimwonyesha dada. Kwa hiyo hata kama mbuzi wasingechimba, maji yangechimba.

"Basi tutoe chumvi yote," alisema.

"Utaijuaje iko wapi? Ulikuwa ukimwaga ukiimba."

Aliangalia ukuta, akaangalia wale mbuzi, na nikaona uso wake unabadilika pole pole kutoka majonzi hadi kitu kingine. "Mimi sijui iko wapi," alisema. "Lakini hao wanajua."

Hiyo ndiyo kazi ya ajabu kuliko zote nilizowahi kusimamia. Tuliacha kuwafukuza mbuzi. Tuliwaacha wachague. Kila mbuzi aliposimama na kuanza kulamba, kijana mwenye koleo alisimama nyuma yake kwa heshima, kama karani anayengoja saini. Mbuzi akianza kuchimba, kijana alimsogeza na kuchimba yeye, mpaka udongo utakaotoka usivutie ulimi wa mnyama yeyote. Udongo ule wa chumvi tuliubeba mbali, tukaurundika chini ya mti, na mbuzi waliruhusiwa kuufuata huko. Yule beberu mwenye ndevu alituonyesha mashimo mengi kuliko mbuzi mwingine yeyote. Mwenyekiti alipendekeza aingizwe kwenye kamati, na hakuna aliyepinga.

Tuliendelea hivyo mpaka mbuzi wakatembea juu ya ukuta bila kuinamisha kichwa. Nilifurahi kama mtu aliyepewa cheti.

Lakini sasa tulikuwa na mashimo ya kujazwa na kushindiliwa upya, na hakuna mnyama ambaye angepanda juu ya tope bila magadi. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka Nyambene mpaka ukahisi harufu yake. Mtu mmoja alisema tuombe tu rola. Mwingine alisema tuombe tu.

Dada alikwenda kwa mwenye duka la unga, akakopa magadi iliyobaki dukani, akaiweka kwenye beseni la plastiki. Beseni akalitia kichwani.

"Kosa halikuwa magadi," alisema. "Kosa ilikuwa kuiweka chini ya miguu. Iwe mbele ya pua."

Alipanda ukutani na goti lake bovu, akaanza kutembea. Mbuzi walimfuata. Kondoo wakawafuata mbuzi. Ng'ombe wake, wanaomjua kwa sauti, wakaja nyuma. Alipofika mwisho wa ukuta, alishusha beseni, akawaacha wale waliotangulia walambe mara moja, akalitia tena kichwani, akageuka, akarudi. Kundi lote likageuka. Hakuna punje iliyoanguka. Alikuwa amebeba maji kichwani maisha yake yote, kwa hiyo beseni lile lilikuwa kama sehemu ya shingo. Sisi tulijaza udongo mbele yake, tukalowesha, na yeye akapita na rola lake lenye mikia.

"Rola, geuka!" watu waliita.

"Rola imechoka! Rola inataka chai!" alijibu, na chai ikaletwa, akainywa akitembea.

Mwenye duka la unga alisimama pembeni akishika tumbo. "Dada, hiyo rola inaenda na dizeli?"

"Inaenda na magadi yako! Nitakulipa maji yakijaa!"

Matone ya kwanza yalianguka alipokuwa katikati ya ukuta. Hakuna aliyekimbia. Alimaliza njia yake mpaka mwisho, akashuka na beseni, mbuzi wakishuka nyuma yake, kisha mbingu ikafunguka.

Laga ilikuja mchana uliofuata. Tuliisikia kabla ya kuiona. Maji mekundu yaliingia silanga yakiwa na matawi na povu na kandambili ya mtu, yakazunguka, yakatulia, yakaanza kupanda. Tulisimama kwenye mwinuko, kijiji kizima, tumelowa. Maji yalipanda hadi sehemu ya chini iliyokanyagwa na tingatinga. Yakapita hapo. Yakaingia sehemu yetu.

Nilishuka nyuma ya ukuta kukagua, kama kitabu kinavyoagiza. Chini kabisa niliona kitu kilichonikata maini: mahali penye unyevu, na kijito chembamba kama uzi kinachotiririka. Kila ukuta wa udongo hutoa jasho kidogo. Hilo ni jambo la kawaida. Maji yakitoka safi, ukuta uko salama. Yakitoka na tope, yanabeba ukuta nje kidogo kidogo, na kabla ya jioni utakuwa na tundu la kupitisha ng'ombe.

Niliomba gilasi. Nilikinga uzi ule wa maji, nikainua gilasi kwenye mwanga. Yalikuwa maangavu, lakini sikuweza kuamini macho yangu peke yake. Dada aliteremka, akaninyang'anya gilasi, akanywa.

"Usinywe hayo!"

Alizungusha maji mdomoni kwa muda ambao ulinizeesha. Kisha akameza.

"Haina chumvi," alisema.

Nilielewa papo hapo alichopima. Kama maji yangekuwa yanapita kwenye tabaka ambalo mbuzi walilisahau, yangetoka na ladha ya magadi. Hayakuwa nayo. Ukuta ulikuwa ukitoa jasho tu, jasho tamu. Nilikinga gilasi nyingine, nikaonja mwenyewe, kisha mwenyekiti akaonja, kisha kila mtu alitaka kuonja, na tukawa na foleni chini ya ukuta, watu wazima na akili zao, wakinywa jasho la silanga kwa gilasi ya chai na kupeana mikono.

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, pikapu ilifika. Ilikuwa imefunguliwa nyuma, tayari kubeba kitanda na masanduku. Lakini haikuweza kutufikia. Silanga ilikuwa imejaa hadi kwenye mkono wake, yaani mfereji mpana ambao tingatinga lilichimba pembeni ili maji ya ziada yatoke bila kugusa ukuta, na maji ya ziada yalikuwa yakipita juu ya barabara, mapana, ya rangi ya chai. Kijana alisimama ng'ambo na viatu vyake vya mjini. Dada alikuwa upande wetu, ametoka kulambisha mbuzi, beseni mkononi.

"Ayo!" aliita. "Salaam aleikum! Hii maji imetoka wapi?"

"Aleikum salaam! Imetoka kwa silanga! Imejaa, inamwagika!"

"Na ukuta?"

"Umeshika! Nimeuonja!"

Nilimwona akirudia neno hilo, akijaribu kulielewa. Kisha aliangalia maji yale yote, mpaka kwenye mstari wa miiba, na ukuta uliosimama juu yake, na mabega yake yakashuka kama mtu aliyetua mzigo aliobeba kwa muda mrefu. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini polepole, akipapasa kwa vidole vya miguu.

"Hilo gari umeleta kubwa hivyo kubeba mzee mmoja?" dada alimwambia alipofika. "Ukirudi nalo mjini, ukija tena lijaze magadi. Yangu imekwisha yote, na nina deni kwa duka."

"Sawa, Ayo," alisema, akicheka na kufuta macho kwa mkono uleule.

Njia kavu ya kufika nyumbani ilikuwa juu ya ukuta. Dada alitia beseni kichwani, kwa mazoea tu, maana lilikuwa tupu, akapanda. Mwanawe alimfuata nyuma, viatu mkononi, suruali imekunjwa, akiangalia chini asiteleze.

"Tazameni!" mwenyekiti alipiga kelele kutoka kwenye mabirika. "Hata huyo amefuata magadi!"

Kijiji kizima kiliangua kicheko. Dada hakugeuka. Alifika mwisho wa ukuta, akashusha beseni, akamnyooshea mwanawe alambe, kisha akalirudisha kichwani na kuendelea na safari.